Mwongozo kamili: kupima jeni za ishara za lipidi katika jicho la nzi wa matunda

Jicho la nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, lina omatidia (vijicho vidogo vinavyounda jicho zima) kati ya 750 na 800, na kila omatidia ina seli nane za kupokea mwanga. Ndani ya kila seli kuna rabdomeri, yaani msitu wa mikrovili (vidole vidogo sana vya utando) zaidi ya 30,000 zilizopangwa bega kwa bega. Humo ndimo mwanga unapogeuka umeme, na kazi hiyo inategemea lipidi: lipidi moja adimu ya utando, iitwayo PIP2, inakatwa, chaneli (milango ya chaji kwenye utando) zinafunguka, kisha seli inalazimika kuijenga upya haraka kabla haijaisha.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa uzamili au mtafiti kijana ambaye amepata jeni anayoishuku kuwa inahusika na mzunguko huo, na sasa anataka kujua inakaa sehemu gani. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: nzi mwenye kasoro ya jeni moja atakuambia kuna tatizo, lakini hawezi kukuambia tatizo liko wapi. Kinachokuonyesha mahali ni nzi mwenye kasoro mbili kwa pamoja. Ndiyo maana sehemu ndefu kuliko zote hapa ni ile ya kupandisha nzi.

Kwa nini jicho? Kwa sababu nzi kipofu anaishi ndani ya kichupa, anakula, anapandana na kutaga mayai. Jeni ambazo katika kiungo kingine zingemuua mnyama, hapa zinaacha kasoro unayoweza kuipima. William Pak wa Chuo Kikuu cha Purdue na Seymour Benzer wa Caltech waliliona hilo miaka ya 1960, wakaanza kutafuta nzi ambao macho yao hayaitikii mwanga sawasawa. Mutanti (nzi mwenye jeni yenye kasoro) aitwaye trp alielezwa mwaka 1969. Miaka ishirini baadaye jeni yake ilipochambuliwa, ikawa mlango wa kuielewa familia nzima ya chaneli za TRP, zikiwemo zile zinazotufanya tuhisi ukali wa pilipili.

Hatua ya 1: Ujue mzunguko kabla ya kugusa nzi

Chora mzunguko huu kwenye karatasi, ubandike ukutani juu ya meza yako ya kazi.

Mwanga unapiga rodopsini, protini inayopokea mwanga, ambayo katika seli za R1 hadi R6 (sita kati ya zile nane) inatokana na jeni ninaE. Rodopsini inaamsha protini Gq, na Gq inaamsha kimeng'enya fosfolipasi C, kinachotokana na norpA. Fosfolipasi C inaikata PIP2 na kutoa vitu vitatu: DAG (lipidi inayobaki kwenye utando), IP3 (molekuli inayoyeyuka ndani ya seli) na protoni moja. Baada ya hapo chaneli za TRP na TRPL zinafunguka, kalsiamu na sodiamu zinaingia, na seli inapata chaji.

Hapo huanza kazi ya kujenga upya. DAG inageuzwa kuwa asidi ya fosfatidiki na kimeng'enya cha rdgA. Asidi hiyo ina njia mbili: ama irudishwe kuwa DAG na kimeng'enya cha laza, ama iendelee mbele kupitia vimeng'enya vya cds na Pis hadi iwe fosfatidilinositoli, malighafi ya PIP2. Hatua hizi za mwisho hufanyika kwenye utando wa retikulamu, mbali kidogo na mikrovili, kwa hiyo lipidi inahitaji kubebwa ili irudi. Mbebaji ni protini ya rdgB, iliyokaa kwenye vifuko vya utando vilivyo chini kabisa ya mikrovili. Ikishafika kwenye utando wa seli, fosfatidilinositoli inaongezwa fosfeti moja na PI4KIIIα, kisha ya pili na PIP5K, na PIP2 imerudi.

Kuna tawi la pembeni la kukumbuka: jeni Pld hutengeneza asidi ya fosfatidiki kutoka kwa fosfatidilkolini, bila kupitia DAG.

Ni nini hasa kinachofungua chaneli? Hapo ndipo wataalamu wanapobishana mpaka leo. Wapo wanaosema ni DAG yenyewe. Wapo wanaosema ni asidi za mafuta zinazotokana na DAG, na jeni inaE, inayotengeneza lipasi ya DAG, ni hoja yao kubwa. Mwaka 2012 Roger Hardie na Kristian Franze wa Cambridge walionyesha kwamba mwanga unazifanya mikrovili zisinyae, wakapendekeza kwamba PIP2 inapokatwa utando wenyewe hubadilika mkao na kuzivuta chaneli, huku protoni zikisaidia. IP3, ambayo vitabu vingi huipa nafasi kubwa, haikuonekana kuwa ya lazima: seli za jicho zisizo na kipokezi cha IP3 ziliitikia mwanga kama kawaida. Usijenge nadharia yako juu ya IP3 kwa mazoea tu.

Hatua ya 2: Chakula, na hasa rangi ya unga

Kwa lita moja ya maji, gramu 10 za agari, gramu 70 za unga wa mahindi, gramu 60 za sukari na gramu 20 za hamira kavu zinatosha. Chemsha, koroga mpaka uji uwe mzito, acha upoe hadi nyuzi 60 hivi, ndipo uweke nipajini iliyoyeyushwa kwenye ethanoli pamoja na mililita 4 za asidi ya propioniki kuzuia ukungu. Ukiweka dawa hizi uji ukiwa bado unatokota, sehemu yake itaruka na mvuke, na baada ya wiki ukungu utakula vichupa vyako.

Sasa jambo ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani hailitaji kwa sababu kwao halina shida. Rodopsini ya nzi inahitaji kromofori (kiini kinachonasa mwanga) inayotokana na karotenoidi za chakula. Mahindi ya njano yana karotenoidi. Mahindi meupe, yale tunayosaga sembe Tanzania, Kenya na Uganda, yana kiasi kidogo mno. Hamira ya kuokea haisaidii. Ukilea nzi kwa sembe nyeupe tupu, kizazi baada ya kizazi, rodopsini itapungua, mwitikio wa mwanga utashuka, na utaanza kulaumu jeni isiyo na kosa. Zaidi ya hapo, nzi wenye rodopsini chache hupata ishara chache, kwa hiyo uharibifu wa retina unaotegemea mwanga hupungua. Mutanti mgonjwa ataonekana mzima.

Tafuta unga wa mahindi ya njano. Ukiukosa, saga karoti, chuja, na uweke juisi yake mahali pa sehemu ya maji. Chochote utakachochagua, nzi wote wa jaribio moja, mutanti na wa ulinganisho, wale chakula cha sufuria moja.

Lea kwa nyuzi 25 za Selsiasi, saa 12 za mwanga na saa 12 za giza. Kwa joto hilo yai huwa nzi mpevu kwa siku 10 hivi. Pima nguvu ya taa pale vichupa vilipo, si katikati ya chumba, na uiandike. Kichupa kilicho rafu ya juu karibu na taa hakilingani na kilicho rafu ya chini.

Hatua ya 3: Kupata nzi, na kuchunga rangi ya macho

Koo za nzi hupatikana kwenye vituo vya umma. Kikubwa ni kile cha Bloomington, Indiana, na kwa koo za RNAi (mbinu ya kunyamazisha jeni) kipo pia cha Vienna. FlyBase, hifadhidata ya jeni za nzi, itakuambia jeni yako iko kromosomu gani, ina aleli (matoleo ya jeni) zipi na nani anazo. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, DrosAfrica imekuwa ikiendesha mafunzo ya kutumia nzi hawa katika utafiti, na Uganda ni miongoni mwa nchi ilikoanzia. Ni vyema ikumbukwe pia kwamba nzi huyu asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, ingawa koo za maabara zimetawanyika dunia nzima. Kwa sababu hiyo hiyo, funika vichupa vyako vizuri: binamu zao wa porini watakuja wenyewe kwenye chakula, na jike mmoja wa nje akiingia, ukoo wako umeharibika.

Koo za kuanzia ambazo ningependa uwe nazo ni hizi: norpA ya aleli P24, ambayo haiitikii mwanga; trp ya aleli 343, isiyo na protini ya TRP; trpl ya aleli 302; rdgA ya aleli 3; rdgB ya aleli 9, ambayo ni dhaifu lakini haijafa kabisa; na laza ya aleli 22. Jeni norpA, rdgA na rdgB zote ziko kromosomu X. trpl iko kromosomu ya pili. trp na laza ziko kromosomu ya tatu.

Rangi ya macho ni mtego unaonasa watu wengi. Rangi nyekundu ya jicho ni pazia: inazuia mwanga mwingi usifike kwenye rodopsini. Nzi mwenye macho meupe, aliyekosa jeni white, hupokea mwanga mwingi zaidi kwa taa ile ile, kwa hiyo seli zake hukata PIP2 zaidi na huharibika mapema. Jeni nyingi za kupandikiza huja na kipande cha white kinachorudisha rangi kiasi, machungwa au nyekundu hafifu. Ukilinganisha mutanti mweupe na mutanti mwenye jeni ya kumponya na macho ya machungwa, nusu ya uponyaji utakaouona huenda ni pazia tu. Nzi wa ulinganisho awe na rangi ile ile: mpandikize kipande kile kile cha white kisicho na jeni ya uponyaji, ama tumia cn bw (kasoro mbili zinazoondoa rangi ya macho) ili wote wawe weupe bila kujali kipande hicho.

Hatua ya 4: Kupandisha ili kupata kasoro mbili

Mfano nitakaoutumia ni rdgA pamoja na trp, kwa sababu matokeo yake yanajulikana vizuri na utaweza kujipima. Nzi wa rdgA huzaliwa na retina iliyoanza kuharibika na hawezi kuishikilia. Swali ni hili: je, seli zinakufa kwa kukosa asidi ya fosfatidiki, au kwa sababu chaneli zimebaki wazi?

Utahitaji ukoo wa balansa wenye FM7 kwenye X, na TM3 yenye Sb pamoja na TM6B kwenye kromosomu ya tatu. Balansa ni kromosomu iliyogeuzwa-geuzwa vipande ili isibadilishane sehemu na mwenzake, na inabeba alama inayoonekana. FM7 inatoa jicho jembamba kama ufa kwa dume, na jicho lenye umbo la figo kwa jike mwenye nakala moja. Sb inafupisha nywele za mgongoni. TM6B inaongeza nywele begani, alama iitwayo Hu, na mara nyingi ina Tb inayowafanya mabuu na pupa wawe wafupi na wanene.

Majike wote wa kupandisha wawe bikira. Kwa nyuzi 25, jike hajapandwa ndani ya saa 8 za kwanza tangu atoke kwenye pupa. Toa nzi wote kichupani asubuhi, rudi kabla ya saa 8 kupita, kusanya majike. Jike mchanga sana utamtambua kwa mwili uliopauka na doa jeusi tumboni. Ukiweka vichupa nyuzi 18 usiku, unapata muda mara mbili.

Upandishaji wa kwanza: majike bikira wa rdgA kwa madume wa balansa. Chukua wana wa kiume wenye Hu. Hawa ni rdgA kwenye X, na TM6B kwenye kromosomu ya tatu.

Upandishaji wa pili, siku hiyo hiyo: majike bikira wenye trp mbili kwa madume wa balansa. Chukua mabinti bikira wenye Sb. Hawa wana FM7 upande mmoja wa X, na kwenye kromosomu ya tatu wana trp mkabala na TM3.

Upandishaji wa tatu: mabinti wa pili kwa wana wa kwanza. Hapa ndipo alama zinapolipa. Tafuta mabinti wenye jicho la figo, wenye Hu, na wasio na Sb. Hu inasema TM6B imetoka kwa baba; kukosekana kwa Sb kunasema mama ametoa trp, si TM3; figo inasema X moja ni FM7, kwa hiyo nyingine lazima iwe rdgA ya baba. Hakuna kubahatisha. Chukua pia kaka zao wenye jicho la ufa, Hu, na wasio na Sb.

Upandishaji wa nne: mabinti hao kwa kaka zao. Kwenye kichupa hiki kimoja utapata madume wenye jicho pana, yaani rdgA, wa aina mbili: waliotoka kwenye pupa ndefu za kawaida, ambao hawana TRP kabisa, na waliotoka kwenye pupa fupi nene, ambao wana nakala moja nzima ya trp juu ya TM6B. Tenganisha pupa ndefu na fupi ukutani mwa kichupa kwa brashi yenye maji siku moja kabla ya nzi kutoka. Ndugu hawa wamekula chakula kimoja, chini ya taa moja. Kumbuka tu kwamba nakala moja ya trp ni nusu ya kiwango cha kawaida, kwa hiyo weka pembeni pia rdgA wenye nakala zote mbili.

Wakague chini ya darubini. Nzi wa rdgA asiye na TRP ana rabdomeri zilizohifadhiwa kwa kiasi kikubwa. Padinjat Raghu na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 2000, na maana yake ni nzito: DAG isipoondolewa, chaneli hubaki wazi, kalsiamu hufurika, seli hufa. Kifo kinafuata kufunguka kwa chaneli. Mutanti mmoja peke yake asingekuambia hivyo.

Ukiwa na rdgB na norpA, picha ni nyingine. Retina ya rdgB huharibika haraka kwenye mwanga na polepole gizani, na kuondoa fosfolipasi C kunaizuia. Tatizo la rdgB basi linahitaji PIP2 ikatwe. Angalizo la vitendo: zote mbili ziko X, kwa hiyo utalazimika kuziunganisha kwenye kromosomu moja kwa kuwaacha majike wenye zote mbili, bila balansa, wabadilishane vipande, kisha uwachunguze wana mmoja mmoja kwa PCR.

Nayo laza inafundisha jambo la tatu. Kuiondoa laza kunapunguza uharibifu wa rdgA, na kuizidisha kunauongeza. Kwa maneno mengine, hata rdgA mgonjwa bado anatengeneza asidi kidogo ya fosfatidiki, na laza inairudisha kuwa DAG. Vimeng'enya viwili vinavutana juu ya lipidi moja. Jeni yako mpya ikiathiri rdgA kwa upande mmoja au mwingine, una dalili ya kwanza ya mahali inapokaa.

Hatua ya 5: Kuhesabu rabdomeri

Huhitaji darubini ya elektroni kwa hatua hii. Kata kichwa cha nzi, kigandishe kwenye kioo kwa tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, jicho likitazama juu, weka tone la mafuta, na ukiangalie kwa lenzi ya mafuta ya 40 huku mwanga ukipita kutoka chini. Mafuta yanafuta mkunjo wa lenzi ndogo za jicho, na utaziona nukta saba zinazong'aa katika kila omatidia: sita za R1 hadi R6 zikizunguka mfano wa trapeza, na moja ndogo katikati, ambapo R7 imekaa juu ya R8. Macho mekundu hutoa picha safi zaidi.

Hesabu nukta katika omatidia angalau 10 kwa nzi mmoja, nzi 5 kwa kila umri, kuanzia siku ya kutoka, halafu kila baada ya siku mbili. Mwenzako afiche majina ya vichupa. Nukta iliyofifia ni rahisi kuihesabu au kuiacha kulingana na unachotarajia kuona, na hilo humpata kila mtu. Chora wastani wa rabdomeri dhidi ya umri, mstari mmoja kwa mwanga, mwingine kwa giza totoro. Uharibifu unaotokea hata gizani unaelekea kwenye chaneli zilizobaki wazi. Unaohitaji mwanga unaelekea kwenye mzunguko uliozidiwa. Sema "unaelekea" tu, maana norpA pia huharibika mwangani, na chanzo chake ni tofauti: rodopsini na arestini, protini inayoizima, hung'ang'aniana na kusababisha kifo cha seli.

Hatua ya 6: Elektroretinogramu

ERG hupima umeme wa jicho zima. Bana nzi, mkandamize taratibu kwa nta au gundi asisogee, weka elektrodi ya kioo yenye maji ya chumvi ya 0.8% juu ya konea bila kuitoboa, na nyingine kifuani. Mwache gizani dakika 5. Washa mwanga sekunde 2, zima, subiri, rudia.

Nzi wa kawaida hutoa umbo lenye sehemu tatu. Mwanzoni kuna mruko mfupi wa juu, kisha mstari unashuka na kukaa chini mwanga unapoendelea, na mwanga ukizimwa kuna mruko wa pili kuelekea chini kabla ya kurudi. Miruko hiyo miwili haitoki kwenye seli za mwanga. Inatoka kwenye lamina, kituo kinachofuata. Ikikosekana huku sehemu ya katikati ikiwa nzima, tatizo lako liko kwenye sinapsi, si kwenye lipidi.

Soma maumbo haya mpaka yakukae kichwani. norpA: mstari umenyooka, hakuna kitu. trp: mwitikio unaanza vizuri kisha, chini ya mwanga mkali unaoendelea, unarudi karibu na sifuri mwanga ukiwa bado unawaka, jina lake limetokana na hilo. rdgB: mwitikio wa kwanza unaweza kuonekana wa kuridhisha, lakini baada ya mwanga mkali mmoja ule wa pili unakuwa hoi. rdgA: mdogo sana, kwa kuwa chaneli zimeshafunguka na retina imeshachoka.

Hapa kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote. Chukua norpA dhaifu, aleli ambayo bado ina fosfolipasi C kidogo na hutoa mwitikio hafifu. Mwongezee kasoro ya rdgA. Mwitikio unakua. Kimeng'enya kinachotengeneza DAG ni kidogo, lakini kinachoiondoa hakipo, kwa hiyo ishara inajikusanya. Kama jeni yako nayo inaongeza mwitikio wa norpA dhaifu, iweke upande wa kuzima ishara. Kama inauzima kabisa, iweke upande wa kulisha mzunguko. Fanya jaribio hili hata kama jeni yako peke yake haina kasoro yoyote kwenye ERG. Jeni nyingi za lipidi zina akiba kubwa, na kasoro yake hujitokeza tu unapoubana mzunguko mahali pengine.

Hatua ya 7: Kuiona PIP2 yenyewe

ERG inakupa umeme, si lipidi. Ili uone PIP2 kwenye nzi aliye hai, tumia kipande cha protini kiitwacho PH cha PLCδ, kilichounganishwa na GFP (protini inayong'aa kijani) na kuonyeshwa kwa promota (swichi ya jeni) ya rodopsini au kwa GAL4 (protini ya kuwasha jeni katika seli unazotaka). Kipande hiki hung'ang'ania PIP2. Pale kwenye utando wa mikrovili ikiwepo, rabdomeri zinang'aa kijani, na ukitazama jicho zima kwa lenzi ndogo utaona mboni bandia (taswira ya nukta za omatidia nyingi zilizopandana) yenye nukta zinazong'aa. PIP2 ikikatwa, GFP inaachia na kuzama ndani ya seli, na nukta zinafifia. Kwa PI4P, lipidi inayotangulia PIP2, tumia kipande cha P4M.

Jihadhari na jambo moja linaloharibu data nyingi: mwanga wa buluu unaosisimua GFP ndio ule ule unaoiamsha rodopsini, ambayo kilele chake ni nanomita 480 hivi. Kila picha unayopiga ni pigo kwa mzunguko. Kwa hiyo muda ni kila kitu. Mwanzoni mwangazie nzi kwa taa nyekundu au ya machungwa ili metarodopsini (rodopsini iliyokwisha kuamshwa na mwanga) irudi kuwa rodopsini na utando ujaze PIP2. Piga picha ya kwanza kwa mmweko mfupi kabisa. Hiyo ndiyo hali ya mapumziko. Halafu mwanga wa buluu wa kuikata PIP2, kisha giza na mwanga mwekundu, na picha nyingine baada ya muda uliopanga. Kwa kila muda wa kurejea tumia mzunguko mpya kamili, usipige picha mfululizo. Nzi wa kawaida hurejesha mwanga wa mboni haraka. RdgB hukawia waziwazi. Jeni yako ikichelewesha PIP2 lakini PI4P ikabaki sawa, tazama hatua ya PIP5K. Zote mbili zikichelewa, rudi nyuma kuelekea kwenye usafirishaji.

Hatua ya 8: Jeni zinazoua kabla ya jicho kuumbika

Pis na PI4KIIIα zinahitajika mwilini mzima, na mutanti wake kamili hafiki kuwa mpevu. Njia ya haraka ni RNAi kwa kutumia GAL4 ya jicho. GMR-GAL4 ni kali na huanza mapema, lakini yenyewe ikiwa nakala mbili, au ikiwekwa nyuzi 29, hufanya jicho liwe na mikwaruzo bila jeni yoyote kuguswa. Tumia nakala moja, na daima uwe na nzi wa ulinganisho mwenye GMR-GAL4 tupu. Rh1-GAL4 huanza baadaye, seli zikiwa zimekwisha kuumbika, na ndiyo ninayoiamini zaidi kwa swali la ishara.

Njia ya pili, safi zaidi, ni kutengeneza nzi ambaye macho yake tu hayana jeni huku mwili ukiwa mzima. FLP, kimeng'enya cha kukata DNA, iliyoongozwa na eyeless (jeni ya jicho) hukata na kubadilisha kromosomu kwenye macho pekee, na GMR-hid (jeni ya kifo cha seli iliyowashwa jichoni) huua seli zote ambazo hazikubadilika. Kinachobaki ni jicho la mutanti tupu. Inachukua vizazi zaidi kuandaa, lakini RNAi huacha masalia ya protini, na kwa kimeng'enya chenye akiba kubwa masalia hayo yanatosha kukudanganya.

Malizia kwa uponyaji: rudisha jeni nzima kwenye mutanti, kisha jaribu nakala yenye kimeng'enya kilichouawa kwa kubadilisha asidi amino moja ya kiini chake. Ikiponya ya kwanza na ya pili ikashindwa, kasoro uliyoipima inatokana na kazi ya kikemia ya protini hiyo na si uwepo wake tu. Kama jeni ina ndugu kwa binadamu, kama rdgB ilivyo na PITPNM, weka nakala ya binadamu katika ukoo ule ule wenye rangi ile ile ya macho, hesabu rabdomeri upya tangu siku ya kutoka, na upige ERG kwa mwanga mmoja na wa pili.